Mgeni, Mtumishi Wake, na Karatasi Isiyoandikwa



Mradi mmoja unapofungwa hapa Kindu, kila kitu huhesabiwa. Magari hupewa wenyewe kwa sahihi, jenereta huandikwa katika daftari, na nyumba za kupanga, ambazo nyingi zimo katika komine yetu ya Kasuku, hurudishwa kwa wenye nyumba baada ya kukaguliwa hata vitasa vya milango. Lakini mama aliyepika miaka minne, binti aliyefua nguo na kulea mtoto wa mgeni, mzee aliyekesha langoni, hao mara nyingi huagwa kwa godoro, sufuria mbili na picha ya pamoja. Wakifika nyumbani huulizwa: “Malipo ya mwisho wamekupa kiasi gani?” Hawana la kujibu, maana tangu siku ya kwanza hakuna kilichoandikwa.

Tumeona vema kusema neno juu ya karatasi hiyo inayokosekana, kwa kuwa wengi wa wanaoajiriwa hivyo ni ndugu zetu wa misa moja, na baadhi ya wanaowaajiri huketi nasi katika kanisa lile lile siku ya Mungu.

Kwanza tuelewane ni nani tunayemtaja. Mgeni wetu ni mhandisi, mfanyabiashara, mtumishi wa shirika la misaada au wa ofisi ya kimataifa. Shirika lake huajiri madereva na makarani kwa mkataba ulio wazi. Mpishi na yaya, kwa kawaida, ni shauri la mgeni mwenyewe: humwajiri kwa fedha zake, ndani ya ua wake, na hapo hukoma kujiona mwajiri. Husema, “Ninamsaidia.” Na yule anayesaidiwa naye ni mgeni kwa namna yake. Ametoka Kibombo, Pangi, Lubutu au Kasongo, ameacha wazee wake huko. Na tangu miji ya Goma na Bukavu ilipotekwa mwanzoni mwa mwaka 2025, miongoni mwa wanaobisha malango kutafuta kazi wamo pia akina mama wa Kivu. Mtu aliyekimbia vita hasemi bei. Hupokea anachopewa na kushukuru. Kwa sababu hiyo hasa haifai kupima haki kwa ukubwa wa shukrani yake.

Sheria ya nchi yetu haikuweka mlango wa nyuma kwa ajili ya jikoni. Sheria ya Kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamhusu mfanyakazi yeyote na mwajiri yeyote katika Kongo, hata mwajiri huyo awe na pasi ya nchi gani. Inataka mkataba uthibitishwe kwa maandishi. Na ikiwa maandishi hayapo, haimwachi mfanyakazi mikono mitupu: anaruhusiwa kuthibitisha kwa njia zote za kisheria kwamba kazi ilikuwapo na masharti yake yalikuwa yapi. Wageni wengi, na wenyeji wengi zaidi, hudhani kinyume chake, yaani kwamba pasipo karatasi hakuna deni. Deni lipo. Kinachokosekana ni urahisi wa kulidai, na maskini ndiye anayeumizwa na ugumu huo, kwa kuwa mdaiwa amekwisha kupanda ndege.

Basi mgeni anayetaka kuajiri kwa haki ana kazi isiyo kubwa. Aandike majina, kazi yenyewe, saa, siku ya kupumzika, mshahara na siku ya kuulipa. Amwandikishe mtumishi katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ule tunaouita CNSS. Ampe likizo yenye malipo, na akitaka kuachana naye amwarifu mapema na kumlipa hesabu yake yote. Tungeongeza jambo moja ambalo watu wa hapa watalielewa upesi: mkataba utaje ni fedha gani. Mshahara uliokubaliwa kwa dolari lakini ukalipwa kwa franka, kwa kiwango cha kubadilisha anachokijua mlipaji peke yake, hupungua kila mwezi bila mtu kusema umepunguzwa. Kima cha chini kimewekwa kwa amri ya serikali. Mwaka 2018 kilikuwa franka 7 075 kwa siku, na hakikukusudiwa kudumu hivyo milele. Ni wajibu wa mwajiri kuulizia cha sasa.

Wako pia wageni wanaokuja na mtumishi kutoka nchi nyingine, yaya aliyemlea mtoto tangu walipokaa Kampala au Antananarivo. Hapo uangalifu uzidi. Visa ya safari si kibali cha kazi; raia wa nje huhitaji kadi ya kazi, na maombi yake hupitia tume ya taifa inayoshughulikia ajira ya wageni. Mwajiri akikwepa njia hiyo, anayeishi kwa hofu ni yaya. Kosa la karatasi ni la bwana, lakini polisi akibisha hodi anayejificha chumbani ni mtumishi. Mtu anayejificha hawezi kudai hata Jumapili yake.

Hapa tunamkumbuka Mwenye heri Isidori Bakanja. Katika Kongo yetu anajulikana kwa skapulari yake, na ni haki. Lakini sisi walei tunasahau upesi kazi aliyokuwa akifanya. Alikuwa fundi wa kujenga huko Mbandaka, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Kisha akawa boyi wa nyumbani kwa wakala wa kampuni ya Kibelgiji, akapelekwa Ikili, mbali na kwao. Kwa maneno ya siku hizi: mhamiaji, mtumishi katika nyumba ya mgeni. Alipoonywa avue skapulari alikataa. Alipoomba ruhusa ya kurudi nyumbani alinyimwa. Mwaka 1909 alipigwa hadi mgongo ukawa kidonda kimoja, na baada ya miezi ya maumivu akafa tarehe 15 Agosti, akiwa amemsamehe aliyempiga. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994.

Ukisoma habari hiyo kwa jicho la mfanyakazi, huwezi kupita haraka pale aliponyimwa ruhusa. Angeweza kuondoka, huenda mjeledi usingemkuta. Mlango uliofungwa ulitangulia mjeledi. Mlango huo haujafunguliwa kila mahali. Katika nchi za Ghuba, ambako mabinti wengi wa Afrika Mashariki huenda kutumika majumbani, kwa miaka mingi mtumishi alifungwa na mdhamini wake kwa utaratibu uitwao kafala: hawezi kubadili mwajiri bila idhini ya aliyemleta. Sheria ya kazi ya Omani ya mwaka 2003 iliwaweka nje kabisa watumishi wa nyumbani. Tunalaumu hayo, na tunalaumu kwa haki. Lakini bwana wa Kasuku anayeishika kadi ya mpigakura ya mpishi wake “isipotee” amejifunza shule ile ile.

Mkataba wa Kimataifa namba 189, uliopitishwa Geneva mwezi Juni 2011, uliandikwa kwa ajili ya kazi hii. Unasema mtumishi wa nyumbani ana haki ya kukaa na hati zake mwenyewe. Ana haki ya kupatana na mwajiri kama atalala humo nyumbani au la. Apate walau saa 24 mfululizo za kupumzika kila juma. Na anayevuka mpaka kwa ajili ya kazi apewe ahadi ya kazi kwa maandishi kabla hajavuka. Unasema pia kwamba ada ya wakala isikatwe katika mshahara wa mtumishi.

Hilo la mwisho linawagusa wenyeji. Binti wa kijijini hafiki kwa mgeni peke yake. Huletwa na mtu, mara nyingi mwanamke anayeitwa shangazi ijapokuwa hana undugu naye hata wa mbali, na mshahara wa mwezi wa kwanza huishia mikononi mwa shangazi huyo; wakati mwingine na wa pili. Na umri je? Kwa sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, naye analindwa asinyonywe kwa kazi. Anayemwambia mgeni kwamba binti wa miaka kumi na minne amekwisha kutimiza ishirini anauza mtoto wa mwenzake, hata kama amevaa kitambaa cha chama cha kanisa.

Tumesikia pia wanaosema: “Mkiwasumbua wageni kwa mikataba, wataacha kuajiri, na watoto wetu watalala njaa.” Ni neno la watu wenye shida, wala hatulidharau. Ila mgeni huyo huyo ametia sahihi mkataba wa nyumba, mkataba wa intaneti, na hununua mafuta ya jenereta kwa stakabadhi. Hakukimbia Kindu kwa sababu hizo. Na karatasi humlinda yeye pia: saa ikipotea, au ugomvi ukizuka juu ya siku za likizo, kuna mahali pa kutazama badala ya kupigiana kelele barazani.

Wema hautoshi, ijapokuwa tunauhitaji sana. Mtakatifu Bakhita wa Sudani alikuwa yaya katika familia ya Kiitalia iliyompenda, na bibi wa nyumba alipotaka kurudi naye Afrika aliona anamtendea mema. Tarehe 29 Novemba 1889 mahakama ya Venisi ilitamka kwamba kwa sheria hakuwa mtumwa, akachagua mwenyewe kubaki. Kabla ya siku hiyo hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Kwa hiyo tunawaomba walimu na makatekista wa parokia zetu jambo moja la kutenda. Mama anayeajiriwa akija na karatasi ya Kifaransa asiyoielewa, asomewe kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, kabla hajaweka kidole chake. Ikiwa hakuna karatasi, asaidiwe kuiandika, ukurasa mmoja unatosha. Ziwe nakala mbili. Moja ikae kwa mwajiri. Ya pili isihifadhiwe katika kabati la mwajiri pamoja na ile ya kwanza, bali mtumishi aichukue siku ile ile, aende nayo kwake.