NANI AMEKUAMBIA?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo nataka tuzungumze habari za dunia. Usinikimbie ukasema sheikh ameacha darsa ameingia kwenye kompyuta na siasa. Vumilia mpaka mwisho, utaona tunarudi msikitini.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 ilitoka habari huko Hong Kong. Mfanyakazi wa idara ya fedha katika kampuni kubwa ya uhandisi ya Uingereza, Arup, alipokea ujumbe ulioonekana umetoka kwa mkuu wake wa fedha, kwamba kuna malipo ya siri yanatakiwa kufanywa. Mfanyakazi yule akashtuka, akahisi ni matapeli. Kisha akaalikwa kwenye mkutano wa video. Akaingia, akamwona mkuu wake, akawaona na wenzake anaowafahamu. Sura ni zao, sauti ni zao. Wasiwasi ukamtoka. Akatuma fedha mara 15, jumla yake karibu dola milioni 25 za Kimarekani. Alipokuja kuuliza makao makuu ndipo alipojua kuwa katika mkutano ule mtu wa kweli alikuwa yeye peke yake. Wengine wote walikuwa picha zilizotengenezwa kwa akili mnemba.

Ndugu yangu, soma tena hapo. Mtu huyu alikuwa na shaka, na shaka yake ilikuwa ya haki. Macho yake ndiyo yaliyoizima.

Nilipowasimulia wazee barazani baada ya Alasiri, mmoja akasema: "Sheikh, basi dunia imekwisha. Sisi tumekuzwa tukiambiwa kusikia si kuona. Leo na kuona nako kumekuwa si kuona?"

Nikamwambia: Mzee wangu, haijesha. Imeturudisha kwenye swali tuliloliacha njiani. Nani amekuambia?

Nianze na nafsi yangu, maana anayewaonya wenziwe ni vyema ajionye mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, usiku baada ya Tarawehe, iliingia taarifa kwenye kundi la WhatsApp la msikiti wetu: mzee fulani amefariki Dar es Salaam, maziko kesho. Jina lilikuwa la mmoja wa wazee waliotoa nguvu zao kuujenga msikiti huu, na kweli alikuwa amekwenda Dar kutibiwa macho. Kila kitu kiliingiana. Nikaituma kwenye makundi matatu, na chini nikaandika jina langu. Alfajiri nikaitangaza kwenye kipaza sauti.

Saa tatu asubuhi majamvi yameshatandikwa nyumbani kwake, simu yangu ikaita. Natazama, jina la marehemu! "Assalaam alaykum, sheikh. Nasikia mnanizika leo. Mmenipangia saa ngapi? Maana mimi bado niko hospitali huku, nasubiri foleni."

Watu walicheka, na mimi ningecheka. Lakini dada yake mkubwa, bibi wa watu mwenye presha, alikuwa ameanguka palepale aliposikia tangazo. Alilazwa siku mbili. Alhamdulillah, alipona. Nilipokwenda kumtaka radhi, aliniambia neno ambalo mpaka leo sijalisahau: "Mwanangu, usiku walikuja watu kunieleza, nikakataa. Nilipokusikia wewe, nikaamini."

Aliyefariki alikuwa mtu mwingine mwenye jina hilohilo.

Sasa niambie, hapo akili mnemba iko wapi? Hakuna. Sauti ilikuwa yangu, nilijaaliwa nayo na Mola wangu. Uongo ulipanda juu ya sauti ya kweli, ukaingia mpaka chumbani kwa mgonjwa. Ndiyo maana nasema maradhi haya hayakuletwa na mashine. Mashine imeyakuta, ikayaongezea kasi.

Mimi nilisoma madrasa, kisha nikaishia kidato cha nne. Sikusomea kompyuta. Lakini madrasa tulifundishwa jambo ambalo leo ningependa kila mwenye simu alijue: elimu ya isnadi. Kila hadithi ina sehemu mbili. Kuna matini, yaani maneno yenyewe. Na kuna isnadi, mnyororo wa wapokezi: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kwa Mtume (s.a.w.). Wanazuoni hawakuridhika na maneno mazuri. Waliuliza: huyu ni nani? Ni mkweli? Kumbukumbu yake ikoje? Alikutana kweli na huyo anayedai kumsikia, au mmoja alikufa kabla mwingine hajazaliwa? Waliandika vitabu na vitabu kuhusu hali za wapokezi. Mcha Mungu mwenye swala za usiku aliweza kuwekwa kando katika upokezi, si kwa uovu, bali kwa sababu anasahau na anachanganya.

Na wanahistoria wanasimulia kuwa Imam Bukhari alipofika Baghdad, wanazuoni wa huko walitaka kumpima. Wakachukua hadithi 100, isnadi ya hii wakaibandika kwenye matini ya ile. Watu 10 wakamsomea, kila mmoja hadithi 10. Kila moja aliyosomewa alijibu kuwa haijui. Walipomaliza, akamgeukia mmoja baada ya mwingine, akarudisha kila matini kwenye isnadi yake.

Wale walikuwa wanapima tu, hawakukusudia kudanganya. Lakini utazame huo mtihani wenyewe. Majina ni ya watu wa kweli. Maneno ni ya kweli. Kilichoharibiwa ni kiungo. Video ya Hong Kong haiko mbali na hapo: sura za watu wa kweli zimebandikwa maneno wasiyoyasema. Na tangazo langu la msiba lilikuwa hivyohivyo: kifo cha kweli kimebandikwa mtu asiyekufa.

Sasa chukua simu yako. Ujumbe ukiwa umepitishwa mikono mingi, WhatsApp wanakuwekea juu yake mishale miwili, na tangu mwaka 2020 hawakuruhusu kuupeleka kwa zaidi ya mazungumzo mamoja kwa wakati mmoja. Wengi tunaiona mishale ile na tunaiona pambo. Kwa mwanafunzi wa hadithi ile ni kengele. Inakuambia: maneno haya yamepita kwa watu wengi, na hakuna hata mmoja unayemjua. Kwa lugha ya madrasa, wapokezi hawajulikani. Hadithi yenye mpokezi asiyejulikana huijengei hukumu. Kwa nini basi unaijengea hofu, chuki, au kumvunjia mtu heshima?

Matapeli wetu wa hapa nyumbani wameielewa elimu hii kuliko sisi. Nani kati yetu hajawahi kupata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Haukutaja jina. Ulikuachia wewe ujaze isnadi mwenyewe: ukisubiriwa na mwenye nyumba, utasema huyu ni mwenye nyumba, ukiwa na fundi, utasema ni fundi. Kesho hautakuja kwa maandishi. Utakuja kwa sauti ya mwanao, analia, anataka nauli.

Na si fedha tu. Januari 2024, huko New Hampshire, Marekani, siku mbili kabla ya uchaguzi wa mchujo, watu walipigiwa simu na sauti inayofanana na ya Rais Biden, ikiwaambia wasijisumbue kwenda kupiga kura. Sauti ilikuwa ya kutengeneza. Aliyehusika alikuja kutozwa faini ya dola milioni 6. Faini ni nzuri, lakini hakuna faini inayomrudisha mtu kwenye sanduku la kura lililokwisha kufungwa, kama ambavyo radhi yangu haikumwondolea bibi yule zile siku mbili.

Hapa najua kuna ndugu atasema: "Basi sheikh, mimi siamini tena chochote." Subiri. Hilo nalo ni shimo.

Agosti mwaka huohuo wa 2024, Kamala Harris alifanya mkutano wa kampeni uwanja wa ndege wa Detroit, wakahudhuria maelfu. Mpinzani wake, Donald Trump, akaandika kwamba hapakuwa na watu, na kwamba picha ile imetengenezwa kwa akili mnemba. Lakini watu walikuwepo. Waandishi wa habari waliona, na waliohudhuria walipiga picha kwa simu zao, huyu upande huu na yule upande ule.

Madrasa tunaiita hiyo habari mutawatiri: inayoletwa na watu wengi, kutoka pande mbalimbali, ambao haiingii akilini kwamba wamekaa pamoja wakakubaliana uongo. Habari hiyo kuikataa si uhodari, ni kuidhulumu haki. Na anayefaidika zaidi na watu wasioamini chochote ni dhalimu. Akikamatwa kwenye video anaiba, atasema tu, "hiyo imetengenezwa", nasi tutaitikia.

Kwa hiyo hatukuambiwa tuamini kila kitu, wala tukatae kila kitu. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuhakikishe, na inatutajia mwisho wa asiyehakikisha: kuwadhuru watu bila kujua, kisha kubaki na majuto. Majuto hayo mimi nimeyaonja, na sikutakii.

Nakuachia mambo matatu, yote hayana gharama:

1. Kabla hujaamini, uliza nani amekuambia, na yeye kaambiwa na nani. Mnyororo ukikatika, na wewe simama hapo. Huwajibiki kuwa na rai juu ya kila kitu.

2. Habari ya fedha, ya kifo, au ya heshima ya mtu, ihakikishe kwa njia nyingine tofauti na iliyoileta. Umepigiwa? Kata, piga wewe namba unayoijua. Yule wa Hong Kong simu moja ya makao makuu ingemtosha, kama angeipiga kabla. Mimi ningempigia mzee mwenyewe. Namba yake nilikuwa nayo mfukoni.

3. Ukikosea, rudi kulekule ulikokosea. Mimi nilitangaza kwenye kipaza sauti, na nilisahihisha kwenye kipaza sauti kilekile, kisha kwenye makundi yote matatu. Ilikuwa nzito. Lakini kufuta ujumbe kimyakimya si toba kwa aliyekwisha kuusoma.

Tangu siku ile, kabla sijatangaza msiba wowote nampigia mtu wa nyumba ya marehemu. Wapo wanaosema imamu wetu siku hizi anachelewa. Ni kweli, nachelewa.

Na maandiko haya pia yana jina langu juu yake. Ukitaka kuyapeleka kwa wenzio, yasome kwanza, na uliloliona si sawa uniulize. Nami nina isnadi ya kuulizwa.

Allah atulinde na ndimi zetu, na vidole vyetu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaohakikisha kabla ya kusema. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.