Miwani ya Jua ya Rubani na Swali Lisiloulizwa Kliniki

Rubani anayeruka asubuhi kutoka Mwanza kwenda Arusha hulipokea jua usoni, na akirejea jioni hulikuta tena mbele yake, likizama upande wa ziwa. Baada ya miaka kadhaa ya kazi ya namna hiyo si ajabu afike katika kliniki ya macho akilalamika kwamba macho yanamwasha, yanatoa machozi, au kinyama kimeanza kuota pembeni mwa jicho. Mhudumu humpima, humwandikia dawa ya matone na kumshauri anunue miwani nzuri ya jua. Ushauri huo ni sahihi kabisa. Dukani huambiwa kwamba miwani bora kupita zote ni ile ya polaraizi, kwa kuwa huua mng'ao. Hulipa, huivaa, na kesho yake huketi mbele ya dashibodi ya ndege ambayo baadhi ya skrini zake zimefifia au zimegeuka nyeusi.

Hakuna aliyemdanganya kwa makusudi. Lakini katika njia nzima, tangu mapokezi ya kliniki hadi kaunta ya duka, hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani.

Ili kuona ubaya ulipo, yafaa kueleza kwanza lenzi hizo hufanya nini. Nuru ni mawimbi, na mawimbi hayo hutetema kukata njia yanakokwenda. Nuru itokayo moja kwa moja kwenye jua hutetema pande zote. Ikigonga uso bapa, kama maji, lami iliyolowa au boneti ya gari, ile inayorudi machoni hutetema zaidi kwa ulalo, na hiyo ndiyo inayotuumiza. Mfaransa Étienne-Louis Malus aliligundua jambo hili mwaka 1808, alipotazama kupitia kipande cha fuwele nuru ya jua iliyoakisiwa na madirisha ya kasri la Luxembourg mjini Paris. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Land aliomba hataza ya utando wa kutengenezwa unaoichuja nuru ya namna hiyo. Lenzi ya polaraizi yaweza kufananishwa na ua wa fito zilizosimama: ubao uliosimamishwa wima hupenya kati ya fito, uliolazwa hukwama. Mvuvi wa Bagamoyo akiivaa, mng'ao wa bahari hukatika na maji huonekana hadi chini. Dereva wa basi la mikoani naye hufaidika, hasa saa za mchana lami inapometameta.

Tatizo la rubani ni kwamba skrini za LCD, ambazo ndizo zilizochukua nafasi ya saa za mishale katika ndege nyingi za leo, zikiwamo Cessna Caravan za miaka ya karibuni zinazobeba watalii mbugani, zimetengenezwa kwa utando wa aina hiyohiyo. Nuru inayotoka katika skrini imekwisha kuchujwa na kupangwa upande mmoja. Inapokutana na lenzi ambayo nayo inachuja, matokeo hutegemea pembe baina ya hizo mbili. Pembe ikiafikiana, rubani huona vizuri. Isipoafikiana, skrini hufifia. Zikikatana kabisa, huwa nyeusi kana kwamba imezimwa. Kimo, mwendo, mwelekeo wa ndege na hali ya injini husomwa hapo.

Wapo marubani wanaosema wamevaa miwani hiyo kwa miaka na hawajapata shida. Yawezekana wanasema kweli, kwa kuwa skrini hazifanani na baadhi ya watengenezaji huzipanga ili zisomeke hata kwa lenzi hizo. Hata hivyo, ushahidi wao ni wa kichwa kilichonyooka na siku njema. Rubani huinamisha kichwa kutafuta swichi, hugeuka kutazama bawa, hubadilisha ndege kwa ratiba ya kesho. Skrini kuu ikionekana, huenda kile kidogo cha akiba, au kishikwambi chenye ramani kilichofungwa pajani, kikawa hakionekani. Na mtu hukitafuta chombo cha akiba pale ambapo kikuu kimekwisha kumtupa.

Skrini si hoja pekee. Vioo vya mbele vya ndege hutengenezwa kwa tabaka zilizobanwa pamoja, na lenzi za polaraizi huufanya mkazo uliomo ndani ya tabaka hizo uonekane kama mabaka na michirizi ya rangi za upinde wa mvua. Zaidi ya hayo, mng'ao ambao lenzi hizo huuondoa si adui daima. Ndege nyingine ikiwa mbali, mara nyingi kinachomgutusha rubani ni kimulimuli cha jua juu ya bawa au kioo chake. Katika viwanja vidogo vya mbugani visivyo na mnara wa kuongozea ndege, marubani hutegemea redio na macho yao. Kuyanyima macho hayo kimulimuli ni kumpunguzia mtu sekunde za kukwepa. Kwa sababu hizi zote, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, katika kijitabu chake cha miwani ya jua kwa marubani, haipendekezi lenzi za polaraizi katika urushaji wa ndege.

Je, basi rubani aache miwani ya jua? La hasha. Miale ya urujuanimno huongezeka kadiri mtu anavyopanda juu, kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na miale hiyo inahusishwa na kinyama cha jicho na mtoto wa jicho. Rubani anaihitaji kinga hii kuliko wengi wetu. Kinachopaswa kutenganishwa ni mambo mawili ambayo sokoni huuzwa kama kitu kimoja: kuzuia urujuanimno, na kuchuja mng'ao. Lenzi yaweza kufanya la kwanza bila la pili. Wauzaji wengi hubeba kadi yenye picha ya samaki au ndege isiyoonekana mpaka mteja avae miwani, na mteja akishaona picha huamini kwamba macho yake yamekingwa na jua. Kadi ile huthibitisha polaraizi tu. Kuhusu urujuanimno haisemi lolote.

Kinachomfaa rubani hakina ugumu wa kupatikana: lenzi ya kijivu, au ya kijivu yenye ukijani au ya kahawia, iliyoandikwa kwamba inazuia urujuanimno hadi nanomita 400, na inayopitisha karibu asilimia 15 ya nuru. Nyeusi kupita hapo humfanya ashindwe kusoma ramani na vyombo akiingia kivulini au mawinguni. Lenzi zinazogeuka rangi zenyewe juani nazo hazimfai sana, kwa kuwa hutegemea urujuanimno ili zigeuke, na kioo cha ndege huuzuia kwa kiasi; tena huchelewa kurudi kuwa nyeupe. Mikono ya fremu iwe myembamba ili visikizi vikae vizuri masikioni. Kama anavaa miwani ya kuonea mbali, nambari ileile iwekwe katika miwani ya jua, na ya akiba iwemo mkobani, kama masharti ya cheti chake yanavyodai.

Hapa ndipo lawama, kama ipo, inapotuangukia sisi wa sekta ya afya. Rubani hupimwa afya na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya anga, na daktari huyo aghalabu anayajua haya. Lakini baina ya kipimo kimoja na kingine, rubani huugua kama watu wengine na kwenda kliniki iliyo karibu, kwa muuguzi na mtaalamu wa miwani ambao hawajaketi hata siku moja katika chumba cha rubani. Kadi nyingi za kliniki zina nafasi ya kazi ya mgonjwa. Mara nyingi huachwa wazi, au huandikwa "mwajiriwa". Neno hilo halimsaidii yeyote. Nahodha wa boti iendayo Unguja, mwenye rada na ramani ya skrini mbele yake, yumo katika hatari ya jamaa moja na ya rubani, na yeye pia ni "mwajiriwa". Mgonjwa naye asingoje kuulizwa. Aseme mapema anatazama nini akiwa kazini.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Mgonjwa avae miwani, ashike kikokotoo cha kawaida cha dukani, kisha akizungushe taratibu mbele ya macho kama usukani. Tarakimu zikififia na kupotea mahali fulani katika mzunguko huo, lenzi ni za polaraizi. Kikokotoo hicho chaweza kukaa katika droo ya chumba cha kupimia macho, kando ya tochi.