Viti Vitatu

Mseto ni chakula kinachojulikana. Mchele na choroko huingia chungu kimoja, hutiwa tui, hufunikwa, na jirani apitaye ukumbini akiuliza kinachopikwa hujibiwa. Wanasiasa walipotafuta jina la serikali ya vyama vilivyoungana walilichukua neno hili hili, na kwa hakika hawakulikosea. Walichokosea ni mapishi. Mseto wa kwanza wa siasa katika Visiwa hivi ulipikwa mlango ukiwa umefungwa, na waliotakiwa kuula walijulishwa umetiwa nini baada ya sinia kuwekwa mkekani.

Wapo wasomaji wa historia ambao wakifika kwenye mwaka 1961 huufungua ukurasa na kuufunga papo hapo, kana kwamba unaunguza. Wengine husimama, lakini husimama kutafuta kabila la kulaumu. Wengine humtupia Mwingereza kila kitu, tangu mipaka ya majimbo hadi hali ya hewa ya siku ya kura, na Mwingereza kwa kuwa keshaondoka hana la kujibu. Wapo na wale, na hao ndio wanaosikika zaidi barazani, wasemao kwamba yote yale yalikuwa ni hesabu tu: kura ziligawika sawa, viti vikagawika sawa, na hesabu ikigoma hakuna wa kulaumiwa. Kauli hii ya mwisho ndiyo inayostahili kujibiwa, kwa sababu ina sura ya uadilifu, ilhali ndani yake imewaficha watu watatu.

Tarehe 17 Januari 1961 watu wa Unguja na Pemba walipiga kura kuchagua wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria. Afro-Shirazi wakapata viti 10. Hizbu, yaani ZNP, wakapata 9. Vilivyobaki vilikuwa vitatu, na vyote vitatu vikaangukia mikononi mwa ZPPP, chama kilichokuwa hakijatimiza miaka miwili. Asubuhi ya pili yake, basi, matokeo hayakuwa sare. Yalikuwa 10 kwa 9 kwa 3. Mpiga kura hakuzaa sare. Alizaa Baraza lisilo na mwenye wingi, na akaweka katikati chama kidogo chenye uwezo wa kuzungumza na pande zote mbili. Nchi nyingi zimepata matokeo ya namna hiyo na zikaendelea kula na kulala.

Sare ilizaliwa baadaye. Wajumbe wawili wa ZPPP, mmoja wao akiwa ni kiongozi wa chama mwenyewe, Mohamed Shamte, waliwaendea Hizbu. Wa tatu akarudi upande wa Afro-Shirazi. Tisa na wawili, kumi na moja. Kumi na mmoja, kumi na moja. Chama kilichoomba kura kwa jina moja na bendera moja kilipasuliwa vipande viwili na viongozi wake, na vipande hivyo ndivyo vilivyoifunga mizani isiende huku wala huko. Ikabidi iundwe serikali ya muda ya kushikilia mahali, na watu waitwe tena vituoni mwezi Juni. Huko ndiko kuitwa hesabu? Hesabu haiendi kumwona mtu nyumbani kwake usiku.

Ili kufahamu jinsi watu watatu walivyoweza kuwa na uzito huo, haina budi kurudi nyuma kidogo. Afro-Shirazi chenyewe kilikuwa ni muungano uliofungwa mwaka 1957 baina ya Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi, na fundo la muungano ule halikupata kukaza. Katika uchaguzi wa mwaka huo Hizbu hawakupata hata kiti kimoja. Ushindi wa namna hiyo una hatari yake: aliyeshinda huacha kumtazama mpinzani na huanza kumtazama mwenziwe. Desemba 1959 Shamte na Ameir Tajo pamoja na wenzao wakatoka, wakaunda ZPPP. Waliobaki waliwaita wasaliti, waliotoka wakasema wamechoka kudharauliwa. Huenda pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli. Lakini ugomvi ule ulikuwa wa viongozi na viongozi, wa nani akae kiti cha mbele na nani asikilizwe, na ulipofika kwa mkulima wa karafuu ulifika ukiwa umekwisha kuvikwa kanzu ya asili na nasaba. Hapo ndipo palipo na dhambi kubwa kuliko zote za Zama za Siasa: manung'uniko ya chumbani yalitolewa nje yakaitwa uadui wa watu na watu. Majirani wakasusiana maduka, wakasusiana maziko. Mwongozi likaandika lake, Afrika Kwetu likaandika lake, na kila upande ukawa na wasomaji wa kuapa kwamba lililoandikwa ndilo.

Haki itendeke hapa, kwa kuwa hoja isiyotenda haki ni matusi. Muungano wa Hizbu na ZPPP wa mwezi Juni haukuwa wa siri kama ule wa Januari. Vyama viwili vile viliingia uchaguzini vikiwa vimeshikana mikono, vikaachiana majimbo, na aliyempigia kura mgombea wa ZPPP siku ya tarehe 1 Juni 1961 alijua, au angalau aliweza kujua, kwamba kura yake itakwenda wapi. Hilo ni jambo la haki, na wanaolipinga mpaka leo kwa sababu tu hawakulipenda matokeo yake wanalipinga bure. Kuungana si kosa. Kosa ni kuungana kwa kutumia kura iliyoombwa kwa ahadi nyingine.

Ila ubaya wa Januari ulikuwa umekwisha kutenda kazi yake. Juni ilikuta watu wameshajifunza kwamba matokeo yanaweza kugeuzwa baada ya kutangazwa. Kiti cha 23 kiliongezwa ili sare isirudi. Afro-Shirazi wakapata 10, Hizbu 10, ZPPP 3. Waliokuwa na karibu nusu ya kura zote wakakaa nje, na chama cha viti vitatu ndicho kilichotoa Waziri Kiongozi, Mohamed Shamte. Kikanuni hapana lililovunjwa. Mwenye wingi Barazani ndiye aundaye serikali, na 13 ni zaidi ya 10. Lakini mtu aliyekwisha kuona Januari hawezi kuambiwa Juni kwamba atazame kanuni peke yake. Siku ile ile ya kura mapigano yalizuka. Waliouawa walikuwa 68. Wengi wao hawakuwa na jina katika orodha ya wagombea, na hawakupata kuitwa katika mazungumzo yoyote ya kugawana vyeo.

Wenye kupenda lugha wataona jambo. Kiswahili husema kula kiapo, na husema kula yamini, lakini vile vile husema kula njama. Kiapo na njama huingia kwa mdomo ule ule. Kura peke yake ndiyo isiyoliwa. Kura hupigwa, kama hodi. Anayepiga hodi yuko nje.

Julai 1963 mambo yakarudia njia yake. Viti vilikuwa 31. Afro-Shirazi wakapata zaidi ya nusu ya kura zote, na viti 13. Hizbu 12, ZPPP 6. Na kabla ya siku hiyo Hizbu nao walikuwa wameonja chungu ile ile ya mpasuko: Abdulrahman Babu, aliyekuwa katibu wao mkuu na mjenzi wa chama, alitoka akaunda Umma Party, katika ugomvi ambao sehemu yake ilikuwa ni nani ateuliwe kugombea wapi. Chama kilichofaidika na mpasuko wa mwenziwe hakikupata muda wa kuutibu wa kwake. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963, na serikali ile ikaanguka tarehe 12 Januari 1964. Kusema kwamba Januari ile ya 1964 ilitoka moja kwa moja katika viti vitatu vya 1961 ni uvivu wa fikra. Sababu zilikuwa nyingi na nyingine za kale. Lakini kusema kwamba viti vitatu havikuwamo ni uvivu zaidi.

Wala haya si maradhi ya Visiwa peke yake, na ndugu wa Mombasa, Kilifi na Lamu wasicheke. Mwambao wao ulikuwa na chama chake, KADU, na kiongozi wake, Ronald Ngala, na hoja yake ya majimbo. Katika mwaka 1964 wabunge wa KADU walianza kuhamia KANU mmoja mmoja, na serikali ikawa inahesabu imebakisha wangapi kuufikia wingi mkubwa uliotakiwa na katiba ili majimbo yafutwe. Ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba ikishindwa itawaendea wananchi kwa kura ya maoni. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala akasimama Bungeni akakivunja chama, na kura ya maoni ikawa haina haja tena. Mvuvi wa Malindi aliyechagua majimbo mwaka 1963 hakuulizwa kama ameyaacha. Na kinachochoma zaidi kilikuja baadaye: Aprili 1966, Oginga Odinga na wenzake walipotoka KANU kuunda KPU, Bunge lile lile lililowapokea wahamaji wa 1964 kwa vifijo liligundua ghafla kwamba mbunge akihama chama yapasa arudi kwa waliomchagua. Katiba ikabadilishwa mbio mbio, na viti 29 vikarejeshwa kwa wapiga kura. Sheria yenyewe ilikuwa njema. Ilichelewa miaka miwili, na ilichelewa kwa makusudi.

Wapo watakaojibu kwamba bila faragha hapana amani, na watatoa mfano wa tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walipokutana Ikulu, wawili hao, na nchi iliyokuwa imekamatana mashati tangu 1995 ikapumua. Mfano ni mzuri, na unamshinda anayeutoa. Muafaka wa 1999 na wa 2001 uliandikwa na wakubwa ukabaki mikononi mwa wakubwa, na ulipowachosha wakauachia. Mazungumzo ya 2009 yalianza faraghani, lakini hayakuachwa humo. Yalipelekwa Baraza la Wawakilishi, kisha tarehe 31 Julai 2010 wananchi wenyewe wakaulizwa ndiyo au hapana, na karibu theluthi mbili wakasema ndiyo. Uchaguzi wa mwaka huo ukapita kwa utulivu ambao watu wazima walikuwa hawajauona. Wakubwa wakizungumza faraghani si neno. Wazee wa nyumba huzungumza faraghani kila siku kabla ya posa kujibiwa. Lakini binti huulizwa.

Leo sheria ya Tanzania inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka amepoteza kiti. Wengi huisifu kuwa ni dawa ya 1961. Dawa hii yataka kuangaliwa chupani. Kilichokuwa mali ya mjumbe kimehamishwa kikawa mali ya ofisi ya chama. Julai 2017, CUF ikiwa imepasuka pande mbili, wabunge wanane wa viti maalumu walivuliwa uanachama na upande mmoja wa ugomvi, na mara Bunge likawahesabu kuwa si wabunge tena, hawakuhama, walihamiwa. Katika mwaka huo na uliofuata, wabunge kadhaa wa upinzani Bara walijiuzulu wakisema wanaunga mkono juhudi, na wengine wao wakasimamishwa na chama kipya katika majimbo yale yale waliyoyaacha. Sheria ilifuatwa herufi kwa herufi. Waliopanga foleni ya mara ya pili hawakuambiwa mazungumzo yalifanyika lini, wapi, wala kwa bei gani.

Mpaka leo watu wa Chake Chake husimuliana kwamba Januari 1961 jimbo lao lilipatikana kwa Afro-Shirazi kwa kura moja. Ni kweli. Na husimuliwa kwa lawama au kwa sifa, kutegemea anayesimulia, kana kwamba mtu mmoja alikwenda kituoni akaipindua nchi. Lau kura ile ingekwenda upande wa pili, Hizbu wangekuwa 10, na wale wawili wangewafikisha 12, sare isingekuwako. Basi mpiga kura yule asiyejulikana amebebeshwa mzigo wa miaka yote hii. Yeye alikuwa na kura moja, akaipiga mara moja, akaiweka sandukuni pale pale alipoambiwa aiweke, akarudi nyumbani. Miezi minne na nusu baadaye aliitwa aje aipige upya.