Majeruhi Huokolewa Barabarani, Si Hospitali Peke Yake

Kutoka Mabatini hadi lango la Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando si mwendo wa kumchosha mtu mwenye afya. Jengo lile, lililofunguliwa mwaka 1971, huonekana katika sehemu nyingi za mji wa Mwanza, na kwa hiyo wapo wanaodhani kwamba mkazi wa Mabatini akigongwa na pikipiki katika Barabara ya Nyerere ana bahati kuliko mwenzake wa Ukara au Kome, maana madaktari bingwa wako jirani yake. Dhana hiyo ni nusu ya ukweli. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, damu inaweza kumwishia mtu katika dakika chache. Aliyepoteza fahamu akilala chali, ulimi wake waweza kuziba njia ya hewa kabla hata pikipiki iliyomgonga haijainuliwa. Mambo hayo mawili hayamsubiri daktari, awe karibu namna gani. Yumo mikononi mwa aliyesimama hapo: mwendesha bodaboda, mama muuza samaki, mwalimu anayetoka kazini.

Na tuseme bila kuficha jinsi mikono hiyo inavyofanya kazi leo. Kundi hukusanyika. Wawili humshika majeruhi, mmoja kwapani na mwingine miguuni, wakamkunja na kumkalisha katikati ya dereva na msindikizaji, mtindo wa mshikaki, kichwa kikining'inia huku na huku. Kama mfupa wa shingo umevunjika, uti wa mgongo uliokuwa mzima unaweza kuharibika papo hapo, na mtu ambaye angetembea tena akafikishwa hospitali akiwa amepooza. Mwingine humnywesha maji. Yupo pia anayempekua mifuko, lakini huyo ni mhalifu tu, hahitaji somo la tiba. Wengine wote wanatenda kwa huruma, na ndiyo sababu inafaa kuwafundisha badala ya kuwalaumu.

Watu waliofundishwa kazi hii hufuata utaratibu ambao ni mwepesi kuueleza. Kwanza hutazama usalama wa mahali: magari yazuiwe, injini ya pikipiki izimwe, maana mwokoaji akigongwa majeruhi wamekuwa wawili. Pili huitafuta damu inayomwagika kwa nguvu, wakaikandamiza kwa kitambaa safi na kiganja, bila kufunua kila mara kuchungulia. Ikiwa ni mkono au mguu, na mkandamizo umeshindwa, hufunga kitambaa kipana juu ya jeraha, wakakikaza kwa kijiti hadi damu ikome, na kuiandika saa waliyofunga ili daktari aijue. Hapo ndipo humsemesha. Akijibu kwa maneno yanayoeleweka, jibu hilo moja limeeleza mengi: njia ya hewa iko wazi, anapumua, na ubongo unapata damu. Asipojibu, hawamtikisi, humsukuma taya kwa mbele pasipo kupinda shingo, wakaangalia kama kifua kinapanda na kushuka, na kama pande zote mbili zinapanda sawasawa. Hupima mapigo ya damu na kugusa ngozi. Ngozi ya baridi yenye jasho ni dalili kwamba damu inapungua, hata kama nje hakuna tone, kwa kuwa tumbo na nyonga vinaweza kuficha damu nyingi.

Kisha humfunika kwa khanga au blanketi. Hili wengi hulidharau wakidhani joto la Mwanza linatosha, walakini mwili uliopoa hushindwa kugandisha damu. Mtu mmoja hushika kichwa kisiyumbe, wengine humgeuza mwili mzima kwa pamoja kama gogo na kumlaza juu ya machela, au ubao, au hata mlango uliong'olewa. Hapewi chakula wala kinywaji, kwani huenda akahitaji upasuaji. Na anayempeleka hueleza hospitali nini kilitokea, saa ngapi, na amefanyiwa nini.

Hapana shaka msomaji atauliza gari la wagonjwa liko wapi. Swali ni halali, lakini ajiulize pia litapita wapi. Nyumba nyingi za mji huu zimejengwa mlimani katikati ya mawe, kwenye vijia ambavyo hata mkokoteni haupiti, na mvua ikinyesha Mto Mirongo hufurika. Majeruhi wa huko atabebwa na jirani zake, gari liwepo lisiwepo. Machela moja kwa kila mtaa, ikitunzwa mahali panapojulikana na kila balozi wa shina, ingefaa kuliko ahadi nyingi tulizozisikia.

Kuhusu gari lenyewe, Kanda hii ina mfano wake. Mfumo wa M-mama ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya kuzinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022. Mama mjamzito, aliyejifungua au mwenye mtoto mchanga akipatwa na dharura, namba 115 hupigwa bure, na likikosekana gari la wagonjwa, huitwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa naye hulipwa ujira wake. Kwa nini aliyevunjika mguu Mabatini asiwe na namba ya namna hiyo? Madaktari wa Bugando waliandika tangu mwaka 2010 kwamba majeraha ya pikipiki yamekuwa tatizo la afya ya jamii jijini Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilifunguliwa mwaka 2025, na mgonjwa wa Sengerema hasubiri tena kivuko. Serikali iliyoweza kuvusha watu juu ya ziwa haiwezi kushindwa na namba ya simu.

Lipo jambo jingine linalowahusu watumishi wa umma moja kwa moja, nalo ni PF3. Fomu hiyo ya polisi ina kazi yake mahakamani, wala hatuibezi. Lakini mwananchi anayeamini kwamba majeruhi hatapokewa bila karatasi hupitia kituoni kwanza, na damu inamwagika njiani. Kila mtumishi wa zahanati na kila askari aseme waziwazi: tiba kwanza, fomu baadaye. Mwokoaji naye asigeuzwe mtuhumiwa, la sivyo kesho atapita pembeni.

Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio na vikundi vya kujifunza, ikawafikia watu wapatao milioni mbili, na walioongoza vikundi wengi wao hawakuwa madaktari. Somo la leo ni fupi kuliko lile. Chama cha Msalaba Mwekundu kina ujuzi wa kulifundisha, vijiwe vya bodaboda vina viongozi wake, mashina yapo. Walimu wa Mabatini hawana haja ya kungoja waraka. Kitambaa, kijiti, ubao na mwanafunzi mmoja aliyejitolea kulala chini vinatosha kwa kipindi cha kwanza, na wazazi waalikwe.