UKIFUNGA MLANGO WAKO, JIRANI NAYE ANA MLANGO



Hakuna mwanachama wa chama hiki anayehitaji kufundishwa utamu wa neno kujitawala. Tumelelewa nalo, na wazee wetu walifungwa kwa ajili yake. Kwa hiyo Waingereza walipopiga kura tarehe 23 Juni 2016, kuamua kama nchi yao ibaki katika Umoja wa Ulaya au itoke, na wengi wao wakasema itoke, haikutupasa sisi kuwacheka. Waliotaka kutoka walikuwa 51.9 katika kila mia, na waliotaka kubaki walikuwa 48.1. Kura zilihesabiwa, na aliyeshinda alishinda. Taifa lina haki ya kuamua mambo yake.

Lakini jirani akijenga au akibomoa, nasi tuna haki ya kutazama na kujifunza. Leo sitaandika juu ya mabenki wala viwanda, maana hayo yana wasemaji wengi. Nataka kuandika juu ya mambo mawili ya mtu wa kawaida: safari yake ya mapumziko, na matibabu yake akiugua ugenini. Mambo hayo mawili hayakupigiwa kelele sana majukwaani. Lakini ndiyo yaliyomfuata mtu mpaka mlangoni kwake.

HALI ILIVYOKUWA

Uingereza iliingia katika Jumuiya ya Ulaya tarehe 1 Januari 1973. Kadiri miaka ilivyokwenda, Mwingereza alizoea kwenda Hispania au Ugiriki kama mtu anayetoka wilaya moja kwenda nyingine. Alionyesha pasi yake, akapita. Hakuulizwa atakaa siku ngapi. Akipenda kukaa mwaka, alikaa. Akipenda kufanya kazi, alifanya.

Tena mfukoni alikuwa na kadi ndogo ya matibabu iliyojulikana kwa herufi EHIC. Mtu akivunjika mguu huko Ureno, au mtoto akishikwa na homa kali, hospitali ya serikali ilimtibu kwa masharti yale yale ya wenyeji. Na tangu Juni 2017 hata simu yake aliipiga akiwa huko kwa bei ya nyumbani kwake.

Mambo haya yalizoeleka mno hata watu wakayasahau. Kitu ukikipata kila siku huoni kwamba kuna mkataba unaokileta. Maji ya bomba huulizwa yatoka wapi siku yanapokatika.

GARI JEKUNDU LA MWAKA 2016

Wakati wa kampeni, waliotaka kutoka walizungusha nchini basi kubwa jekundu. Ubavuni liliandikwa kwamba Uingereza hupeleka Ulaya pauni milioni 350 kila wiki, na kwamba ingefaa fedha hizo zipewe NHS, yaani idara ya matibabu ya umma iliyoanzishwa mwaka 1948. Mamlaka ya takwimu ya Uingereza yenyewe ilionya kwamba hesabu hiyo yapotosha, kwa kuwa haikutoa zile fedha zilizokuwa zikirudi Uingereza.

Sisi tuangalie jambo lingine. Basi lile lilisema habari za hospitali za nyumbani. Juu ya hospitali za ugenini lilikaa kimya. Halikumwambia mzee mwenye ugonjwa wa moyo kwamba ile kadi iliyo mfukoni mwake nayo inapigiwa kura siku hiyo hiyo. Wapo walioonya, ndiyo. Lakini walijibiwa kwamba wanawatisha watu tu.

SIKU YA PILI BAADA YA NGOMA

Uingereza ilitoka tarehe 31 Januari 2020, ikapewa muda wa mpito mpaka tarehe 31 Desemba mwaka huo. Tangu siku iliyofuata, Mwingereza akifika Ulaya ni mgeni, kama mimi na wewe. Tofauti ni kwamba yeye haombi viza kwa matembezi mafupi, nasi twaomba.

Kwanza, siku zake zahesabiwa. Katika nchi 29 za mapatano ya Schengen anaruhusiwa siku 90 tu katika kila siku 180, na nchi zote hizo huhesabiwa pamoja kama nchi moja. Siku alizokaa Italia hupunguza siku za Ufaransa. Mfikirieni mfanyakazi aliyestaafu, aliyeweka akiba maisha yake yote akanunua nyumba ndogo Hispania ili akimbie baridi kuanzia Oktoba mpaka Aprili. Nyumba ni yake na hati ni yake, lakini siku ya 90 ikitimia hana budi kufunga virago.

Pili, pasi yake yapimwa kwa kipimo kipya. Siku ya kuingia iwe haijatimiza miaka 10 tangu kutolewa, na iwe na miezi mitatu ya uhai baada ya siku anayopanga kuondoka. Zamani, mtu aliyefanya upya pasi mapema alikuwa akiongezewa miezi iliyosalia katika ile ya zamani, mpaka tisa. Basi watu wamefika uwanja wa ndege na pasi ambayo kwao bado ni hai, wakaambiwa hawapandi. Mizigo imefungwa, watoto wamevaa nguo mpya, fedha za hoteli zimelipwa, na safari imekwisha palepale.

Tatu, mstari. Kwanza pasi zilianza kugongwa muhuri. Kisha tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi hizo zilianza, hatua kwa hatua, mpango mpya wa kuandikisha wageni: sura ya mtu hupigwa picha na alama za vidole vyake huchukuliwa. Na mwaka 2025 ilitangazwa kwamba kibali kingine kitakachofuata, kiitwacho ETIAS, ada yake itakuwa euro 20.

Najua msomaji mmoja atatabasamu hapa. Atakumbuka kipande, ambacho mkoloni aliwavalisha wazee wetu wa Kenya shingoni, nacho kilikuwa na alama za vidole vyao. Atasema, leo zamu imegeuka. Ndugu yangu, usifurahi upesi. Kipande kilimfunga mtu katika nchi yake mwenyewe, na hayo mawili si sawa. Tena mpango huu wa Ulaya haukutungwa kuwaadhibu Waingereza. Ulipitishwa mwaka 2017, Uingereza ikiwa bado mwanachama, nao wawahusu wageni wote. Waingereza walitoka nje ya nyumba, wakakuta sheria ya wageni inawangoja barazani.

Nayo Uingereza haikukaa bure. Tangu tarehe 1 Oktoba 2021 Wazungu wengi wa nchi za Umoja wale waliokuwa wakiingia kwa kitambulisho cha kwao walitakiwa kuja na pasi. Tangu tarehe 2 Aprili 2025 walitakiwa kulipia kibali kabla ya safari. Siku ile ada ilikuwa pauni 10. Wiki moja baadaye ikawa pauni 16. Ndiyo maana nasema: ukifunga mlango wako, jirani naye ana mlango.

KADI YA MGONJWA

Sasa tuje kwenye matibabu, maana hapa ndipo pana uzito. Mapumziko mtu aweza kuyaacha. Ugonjwa hauahirishwi.

Yuko mgonjwa wa figo ambaye damu yake husafishwa kwa mashine mara tatu kila juma. Mtu huyu hawezi kuondoka nyumbani kwa siku nne bila kupata mashine huko aendako. Kwa ile kadi ya zamani aliweza kupanga mapema na hospitali ya Ulaya, akaenda kumwona mwanawe au akapumzika pwani kama binadamu wengine. Makampuni ya bima nayo yajulikana: yakimwona mtu mwenye ugonjwa mkubwa, hupandisha bei au humkataa kabisa.

Tangu Juni 2016, je, nani aliyeweza kumwambia mgonjwa huyo kwamba kadi yake itafanya kazi baada ya mwisho wa mwaka 2020? Mapatano ya biashara na ushirikiano kati ya Uingereza na Umoja wa Ulaya yalifikiwa tarehe 24 Desemba 2020, mkesha wa Krismasi, zikiwa zimebaki siku saba tu. Ndani ya mapatano hayo matibabu ya wasafiri yaliokolewa. Januari 2021 ikatolewa kadi mpya, GHIC, isiyolipiwa. Jina lake lasema ni ya dunia nzima, lakini kazi yake kubwa ni Ulaya.

Kwa hiyo hatusemi uongo kwamba kila kitu kilipotea. Kadi ipo. Wastaafu waliokwisha hamia Ulaya kihalali kabla ya mwisho wa 2020 nao haki zao zililindwa na mkataba wa kutoka. Lakini Uswisi, Norway, Iceland na Liechtenstein, ambazo hazimo katika Umoja, zilihitaji mapatano yao mbalimbali. Nayo ya Uswisi yalianza Novemba 2021. Mlango uliokuwa umefunguliwa kwa ufunguo mmoja ulitafutiwa funguo kadhaa.

Na tuseme jambo jingine la haki. Kadi hii, kama ile ya zamani, hailipii hospitali za watu binafsi, wala kumrudisha mgonjwa kwao, wala kumteremsha aliyeanguka mlimani. Huko Ufaransa mgonjwa humlipa daktari kwanza, kisha hurudishiwa sehemu. Mwenye busara hukata bima pia. Lakini kati ya mtu mwenye kadi na bima, na mtu mwenye bima peke yake, tofauti huonekana siku ya kuletewa hesabu ya hospitali.

Angalieni pia Ireland. Nchi hiyo na Uingereza ziligombana, zikamwaga damu, zikaachana. Hata hivyo tangu miaka ya 1920 zilikubaliana raia wao wapite huku na huku, na mapatano hayo yamesimama mpaka leo. Mwingereza aishiye Dublin hutibiwa, na Mwairishi aishiye London hutibiwa. Kilichobaki kizima baada ya ugomvi kilibaki kwa kuwa watu waliketi wakaandika. Hakuna kadi ya hospitali iliyookolewa kwa kupiga makofi.

JE, BEI HII NI KUBWA?

Mtu atasema: siku 90, foleni na euro 20 ni bei ndogo kwa taifa kujitawala. Huenda ndivyo. Mwenye kulipa ndiye wa kusema. Lakini lazima aijue bei kabla ya kununua.

Waingereza waliambiwa habari za pasi ya rangi ya bluu, ishara ya fahari ya zamani, nayo ilianza kutolewa tena Machi 2020. Lakini Kroatia imo ndani ya Umoja na pasi yake ni ya bluu. Na vitabu vya pasi hiyo mpya ya Uingereza vilipewa kampuni ya Kifaransa na Kiholanzi, vikatengenezwa Poland. Rangi ilikuwa na wasemaji wengi. Kadi ya mgonjwa wa figo haikupata jukwaa.

Tena bei hii hailipwi sawasawa. Tajiri hukata bima ya juu, hutafuta hati ya ukaazi, huajiri mwanasheria. Anayesimama mlangoni na pasi iliyokataliwa ni fundi, ni muuguzi, ni mjane aliyeweka akiba miaka miwili kwa juma moja la jua.

NA SISI JE?

Ndugu zangu, hadithi hii si ya Wazungu peke yao. Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967 ilivunjika mwaka 1977. Shirika letu la ndege lilikufa, na mpaka kati ya Tanzania na Kenya ulifungwa mpaka mwaka 1983. Wakubwa walibishana mezani. Aliyeumia ni mtu wa Namanga aliyeoa upande huu na kuzaliwa upande ule. Leo tunayo Jumuiya nyingine, kwa mkataba wa mwaka 1999, na mapatano ya soko la pamoja tangu 2010. Ina kasoro nyingi, nasi katika gazeti hili tumezitaja.

Siku atakaposimama mtu jukwaani akisema tutoke, msimzomee. Mwulizeni maswali matatu. Pasi yangu itafanya kazi gani asubuhi ya pili? Mama yangu akiugua upande wa pili wa mpaka, atatibiwa kwa hati gani? Na hayo unayoahidi yameandikwa wapi, na nani ametia sahihi?

Na sisi wa chama tusijitoe katika lawama. Sisi nasi ni watu wa majukwaa. Twajua jinsi umati unavyopenda neno tamu, na jinsi unavyopoa msemaji akianza kusoma hesabu. Lakini wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila msemaji wetu anayepanda jukwaani kudai jambo kubwa na apande na daftari, alisome hata kama makofi yatapungua.

Naomba kila tawi lizungumze habari hii katika mkutano wake. Tuwaheshimu Waingereza kwa kuamua wenyewe. Lakini raia aliyedanganywa juu ya bei hajaamua bado, ameamuliwa. Nasi tulikataa kuamuliwa.