Rubani mtarajiwa: Digrii kwanza au leseni kwanza?

Kijana anayetaka kurusha ndege za abiria Marekani anaumiza kichwa: aanze na chuo kikuu, au aende moja kwa moja shule ya urubani?

Sheria haidai digrii. Inadai saa za kuruka. Ajali ya Colgan Air ya 2009 karibu na Buffalo iliua watu 50, na tangu 2013 hata rubani msaidizi anatakiwa kuwa na saa 1,500.

Hapo ndipo digrii inapopata nguvu. Mwenye shahada ya usafiri wa anga kutoka chuo kilichoidhinishwa anaweza kuanza kama rubani msaidizi kwa saa 1,000 tu.

Ila mwajiri naye amelegeza. Januari 2022, Delta iliacha kulazimisha digrii ya miaka minne.

Kinacholiwa ni muda. Ratiba, aina ya ndege na ukapteni hufuata tarehe ya kuajiriwa, na ukifika miaka 65 unastaafu. Aliyetangulia foleni, ametangulia.

Lakini kuna cheti cha afya. Moyo ukileta shida, leseni inaweza kulala kabatini. Siku hiyo, digrii ya uhasibu au uhandisi ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, na ile ya urubani iliyokupunguzia saa huenda isikusaidie sana.

Kwa hiyo swali si digrii au hapana. Ni digrii gani, na lini. Wapo wanaoisoma mtandaoni huku wakifundisha urubani na kuhesabu saa.