Mashine Ipange Mistari, Isibadili Maneno

Mtu anayeandika barua kwa mkono huwa mpangaji wa mistari yake mwenyewe. Aonapo ukingo wa karatasi unakaribia, huzibana herufi, au hulikata neno mahali panapofaa na kuliendeleza chini. Kazi hiyo ndogo, ambayo mwanafunzi hujifunza katika madarasa ya mwanzo na kisha akasahau kwamba ni kazi, siku hizi imekabidhiwa mashine. Ujumbe ulioandikwa katika simu moja husomwa katika simu nyingine yenye kioo cha upana tofauti, au katika kompyuta, na kila chombo huupanga upya bila ya kumwuliza mwandishi wala msomaji.

Wengi hulihesabu jambo hili kuwa dogo. Hoja ya makala haya ni kwamba si dogo hata kidogo, hasa kwa Kiswahili, lugha ambayo hubeba ukanushi, nafsi, wakati na mtendwa ndani ya neno moja. Mashine iachiwe uhuru wa kupanga mistari, lakini isiruhusiwe kubadili neno. Na kanuni za kazi hiyo katika Kiswahili ziandikwe na wenye Kiswahili.

Mipaka ilikotoka

Upana wa mstari katika mashine haukutokana na lugha yoyote. Ulitokana na vyombo. Kadi ya kutobolewa iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1928 ilikuwa na safu 80, na kila safu ilibeba alama moja. Viwambo vya kompyuta vilivyofuata vikairithi hesabu hiyo: kiwambo cha VT100 kilichotolewa mwaka 1978 kilionyesha herufi 80 katika mstari na mistari 24 kwa jumla. Kadi zenyewe zimekwisha kutoweka maofisini, lakini upana wake umebaki katika desturi za waandishi wa programu.

Ujumbe mfupi wa simu nao una historia ya namna hiyo. Mwaka 1985, mjini Bonn, mhandisi Friedhelm Hillebrand alipiga taipu sentensi za kawaida na kuhesabu alama zake, akaona kwamba nyingi hazizidi 160. Kadi za posta na ujumbe wa teleksi zikamthibitishia kwamba kiasi hicho chatosha. Nafasi iliyokuwapo katika mitambo ilikuwa baiti 140, yaani biti 1,120. Kila alama ikipewa biti 7, hupatikana alama 160 kamili. Ujumbe wa kwanza wa aina hiyo ulitumwa nchini Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na mhandisi Neil Papworth, ukiwa salamu za Krismasi.

Hesabu hiyo ilifanywa Ulaya, kwa mazoea ya uandishi ya huko. Kiswahili kiliingia baadaye katika nyumba iliyokwisha kujengwa. Simu ya Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000, ilikuwa na kioo chenye nukta 84 kwa upana na 48 kwa kimo. Ikiwa kila herufi imepewa nukta 6, mstari mmoja hubeba herufi 14. Sasa neno tutakapowatembelea lina herufi 18. Neno hilo moja, ambalo mtoto wa darasa la tatu hulitamka bila ya shida, lisingeweza kuenea katika mstari. Basi ilikuwa lazima mashine ilikate, na swali likawa: ilikate wapi?

Namna mashine inavyokata

Njia rahisi kuliko zote ni hii: mashine huchukua neno moja moja na kuliweka katika mstari. Likienea, hukaa, lisipoenea, hushushwa chini. Njia hiyo ni ya haraka, lakini haitazami mbele. Mwaka 1981 Donald Knuth na Michael Plass walieleza njia bora zaidi, ambayo huipima aya nzima kabla ya kuamua mstari wa kwanza ukatike wapi, kama fundi mshonaji apimavyo kitambaa chote kabla ya kutia mkasi. Mwaka 1983 Franklin Liang, wa Chuo Kikuu cha Stanford, alionyesha namna ya kuifundisha kompyuta mahali pa kukata maneno ya Kiingereza kwa kutumia vielelezo vya herufi zinazoandamana. Alilazimika kufanya hivyo kwa sababu tahajia ya Kiingereza haina kanuni moja iliyo wazi.

Kiswahili kimejaliwa neema ambayo Kiingereza hakina. Silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Kwa hiyo kanuni ya kukata neno yaweza kuandikwa kwa maneno machache: kata baada ya irabu, wala usitenganishe konsonanti zinazotamkwa pamoja. Nyumba ni nyu-mba, tembo ni te-mbo, ng'ombe ni ng'o-mbe. Hubaki mambo machache ya kuangaliwa, kama vile m inayosimama peke yake kuwa silabi katika mtu na mtoto, ambayo haifai kuachwa pweke mwishoni mwa mstari, na maneno ya mkopo kama daktari. Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuijaribu kanuni hiyo kwa kalamu na karatasi katika kipindi kimoja. Lakini mashine iliyofundishwa kutenganisha konsonanti mbili zinazokutana, kama lugha kadhaa za Ulaya zifanyavyo, itaandika tem-bo na nyum-ba, na msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba aliyekata hakuijua lugha.

Neno linapogeuka

Mkato mbaya huudhi macho tu. Hatari yenyewe huanza pale ujumbe uliokatwa na chombo kimoja unapopangwa upya na chombo kingine. Chombo cha kwanza hukata mistari kwa upana wake. Chombo cha pili hupokea mistari hiyo, lakini hakijui ni mkato upi uliowekwa na mwandishi kwa makusudi na upi uliowekwa na mashine kwa sababu ya nafasi. Kikikosea, huunganisha yasiyounganika, au huacha pengo katikati ya neno.

Katika lugha nyingine pengo hilo huzaa upuuzi, na upuuzi humwonya msomaji. Katika Kiswahili laweza kuzaa maneno mengine yaliyo sahihi. Tangazo lisemalo, "Wanawake watapimwa Jumatatu," likikatwa baada ya wana na kisha kuunganishwa kwa pengo, litasomeka, "Wana wake watapimwa Jumatatu." Sentensi ni sanifu, habari si ile. Hatakuja huwa hata kuja, na ukanushi wote hupotea, kwa kuwa Kiswahili huutia ukanushi katika kichwa cha kitenzi, wala hakiuwekei neno la pembeni.

Waliotengeneza kanuni za barua za kompyuta waliitambua shida hii. Kanuni iliyotolewa mwaka 1999, ikarekebishwa mwaka 2004, ilileta dawa nyepesi: mstari uliokatwa na mashine huachiwa nafasi moja tupu mwishoni, na mstari uliokatwa na mwandishi hauachiwi. Kwa alama hiyo isiyoonekana, chombo kinachopokea hujua kipi cha kuunganisha na kipi cha kuheshimu. Hili ni funzo kubwa: si lazima mashine iwe na akili nyingi, inatosha iweke kumbukumbu ya kile ilichokifanya.

Ushairi nao wadai heshima hiyo. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, yaani vipande viwili vya mizani 8. Kioo chembamba hakiwezi kuubeba wote. Mashine ikiukata popote, vina vya kati huzama na msomaji hupoteza mapigo. Ikiukata baina ya ukwapi na utao, shairi hubaki shairi. Mwalimu anayewatumia wanafunzi wake beti za kujifunza huhitaji mashine inayoweza kuambiwa hivyo.

Gharama ya ritifaa

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa ritifaa, alama inayotofautisha ng'oa na ngoa, na inayofanya ng'ara lisiwe Ngara, wilaya ya mkoa wa Kagera. Programu nyingi za kuandikia huigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, kwa imani kwamba iliyopinda hupendeza zaidi. Mwandishi haoni lolote. Lakini orodha ya herufi za biti 7 inayotumiwa na ujumbe mfupi ina ritifaa iliyonyooka, haina iliyopinda. Alama hiyo moja ikiingia, ujumbe wote hulazimika kuandikwa kwa biti 16 kwa kila herufi, na baiti 140 zilizobeba alama 160 sasa hubeba 70 tu.

Hesabu yake yafaa ifanywe darasani. Ujumbe wenye alama 150 na ritifaa iliyonyooka huenda kama ujumbe mmoja. Ritifaa hiyo ikipindwa, ujumbe hauenei tena. Ujumbe unaogawanywa hupoteza baiti 6 katika kila sehemu, kwa ajili ya maelezo ya kuziunganisha. Hubaki baiti 134, yaani alama 67. Alama 150 zikigawanywa kwa 67 hupata sehemu mbili na masazo, kwa hiyo ujumbe mmoja umekuwa mitatu. Ofisi inayowatumia wafugaji elfu moja tangazo la chanjo ya ng'ombe yaweza kulipia ujumbe elfu tatu, kwa sababu mashine ilipenda urembo. Na baadhi ya mitambo, ikishindwa kuitambua alama, huweka ya kuuliza mahali pake, na ng'ombe akawa ng?ombe.

Sayansi yenyewe imekwisha kuumia

Asije mtu akadhani kwamba haya ni masikitiko ya walimu wa lugha peke yao. Wanabayolojia walikuwa na jeni zilizoitwa SEPT2 na MARCH1. Programu ya majedwali ya Excel, ilipoandikiwa majina hayo, iliyageuza kuwa tarehe za Septemba na Machi. Tahadhari ilitolewa mwaka 2004. Mwaka 2016 uchunguzi wa makala zilizoambatanishwa na orodha za jeni katika majedwali hayo ulionyesha kwamba kiasi cha moja katika tano zilikuwa na makosa ya namna hiyo. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza majina mapya: SEPT2 ikawa SEPTIN2, MARCH1 ikawa MARCHF1. Ndiyo kusema, wataalamu walibadili istilahi zao ili kuikwepa tabia ya mashine. Ilipofika mwaka 2023 ndipo programu hiyo ikapewa njia ya kuizima tabia hiyo.

Kosa hapa si kwamba mashine ilipanga. Kosa ni kwamba ilibadili, ikanyamaza, wala haikuitunza nakala ya kile kilichoandikwa kwanza.

Hoja za upande wa pili

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuizuia mashine isiguse maandishi kabisa. Hao hawamfikirii mzee mwenye macho dhaifu anayeongeza ukubwa wa herufi. Herufi zikikua, mistari hainabudi kupangwa upya, la sivyo nusu ya ujumbe itakuwa nje ya kioo. Upangaji wa mashine ni msaada, tena msaada mkubwa.

Wengine watasema kwamba watengenezaji wa mashine wako mbali, na kwamba Kiswahili kizoee. Hoja hii ina sura ya busara, lakini inasahau kwamba mtengenezaji hawezi kuifuata kanuni ambayo haijaandikwa kwa namna ambayo mashine itaielewa. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa liundwe mwaka 1967, istilahi nyingi zimesanifiwa. Kanuni za kukata neno, za ritifaa na za kupanga mishororo zastahili uangalifu ule ule. Anayekaa kimya hapaswi kushangaa akipangiwa na mwingine.

Masharti matatu

Yafaa basi kila programu inayoonyesha ujumbe wa Kiswahili ipimwe kwa masharti matatu. Kwanza, ihifadhi maandishi kama yalivyoandikwa, na mpangilio uwe vazi la juu linaloweza kuvuliwa. Pili, neno lishushwe zima kila inapowezekana; likibidi kukatwa, likatwe kwa silabi za Kiswahili na kwa kistari kinachotoweka chenyewe mstari unapopanuka. Tatu, badiliko lolote la alama, hata la ritifaa moja, lionekane kwa mwandishi kabla ya kutumwa, naye awe na uwezo wa kulikataa.

Shule za sekondari zina nafasi yake katika kazi hii. Mwalimu wa Kiswahili anazo silabi, mwalimu wa hisabati anazo biti, na wanafunzi wanazo simu za kila aina, kubwa na ndogo. Darasa likiandika ujumbe mmoja wenye ng'ombe, wanawake na hatakuja, likautazama katika vyombo kumi tofauti na kuandika kila kilichobadilika, litakuwa limefanya uchunguzi wa kweli wa kisayansi, na orodha litakayoipata itawafaa wasanifu wa lugha na watengenezaji wa programu kwa pamoja.